Kobayi Nyumbani: Nyama ya Mtoto, Lakini Kwa Usafi



Kila mmoja wenu anaujua mstari wa kilo ulio kwenye karti ya mtoto. Miezi ya kwanza, mtoto akinyonya vizuri, mstari unapanda. Halafu, kuanzia miezi sita mpaka miaka mitatu, kwa watoto wengi mstari unalala, hata unashuka. Sababu gani? Maziwa ya mama peke yake hayatoshi tena, na mtoto anapewa bukari sawa na wakubwa. Bukari ya mihogo inashibisha tumbo, lakini haijengi mwili. Mtoto wa namna hii anaanza kuvimba miguu, nywele zinabadilika rangi na kuwa laini, hataki kucheza, analialia tu. Ndiyo bwaki.

Sombe, maharagwe na karanga zinajenga mwili, musiziache. Lakini nyama, samaki na mayai zinamsaidia mtoto mudogo kushinda vyote kwa kupata damu na nguvu. Wamama wa Kasongo na Kabambare wanalijua jambo hili. Kinachokosekana si akili, ni nyama yenyewe.

Juu ya njaa hiyo ya nyama, watoto wanatega panya shambani na porini. Mara nyingine wanarudi na watoto wa panya wazima, wanawaweka ndani ya kitunga au ndoo, wanawalisha mihogo, wanataka wazaliane nyumbani. Wengine wanawapenda kama rafiki wa kucheza. Kwa hiyo somo la leo lina mambo mawili: mnyama gani hapana kumuleta nyumbani, na mnyama gani unaweza kumufuga, na namna gani.

1. PANYA WA PORI ABAKI PORINI

Panya wa nyumba, panya mkubwa wa pori mwenye mifuko mashavuni (panya buku), kindi na jamaa zao, hawa wote wanaweza kubeba magonjwa bila kuonekana wagonjwa. Mkojo wa panya ukiingia katika maji au katika kidonda unaweza kuleta homa kali yenye macho ya manjano. Viroboto vya panya ndivyo vinavyobeba tauni, ugonjwa ambao ungali unapatikana upande wa Ituri. Tena, meno ya panya yanauma mtoto aliyelala.

Lakini ugonjwa tunaopashwa kuutaja kwa jina hapa Maniema ni mpox, ambao zamani uliitwa ndui ya nyani. Mtu wa kwanza aliyejulikana kuupata alikuwa mtoto wa miezi tisa wa Basankusu, katika jimbo la Equateur, mwaka 1970. Jina la nyani linadanganya. Wataalamu wanafikiri kwamba virusi hivi vinakaa zaidi kwa wanyama wadogo wa pori, kama kindi na panya, na mtu anavipata akiwashika, akiwachuna au akiumwa nao. Maniema ni moja ya majimbo ambako mpox imeonekana mara nyingi.

Ugonjwa ukiisha kuingia kwa mtu mmoja, unapita kutoka mtu kwa mtu: kwa kugusana ngozi, kwa kulala kitanda kimoja, kwa nguo na mashuka. Jirani zetu wa Kamituga, Kivu Kusini, waliona jambo hili mwaka 2023, wakati mpox ilipoenea pale kati ya watu wenyewe. Mwezi wa 8 mwaka 2024 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza mpox kuwa hatari kwa dunia nzima.

Mutasema: lakini panya wa mtoto wangu ni mzima, anacheza vizuri. Basi musikie mambo yaliyotokea Marekani mwaka 2003. Wafanyabiashara walileta wanyama wadogo wa pori kutoka Ghana, na kati yao walikuwa panya buku na kindi, ili wauzwe kama wanyama wa kulea nyumbani. Waliwekwa pamoja na wanyama wengine wadogo wa kule, wenye kufanana na kindi, na hawa wakaambukizwa. Watu walionunua wanyama hao kwa kucheza na watoto wao walipata mpox: watu 47 katika majimbo sita. Hakufa mtu, lakini watoto walilazwa hospitali. Nchi tajiri, nyumba safi, waganga wengi: na ugonjwa uliingia kwa mlango wa mnyama wa kuchezea.

Mtu mwingine atauliza: mbona kule Morogoro, Tanzania, wanafuga panya buku? Ni kweli. Shirika la APOPO, pamoja na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, linawafundisha panya hao kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na kunusa kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, jina lake Magawa, alifanya kazi Kambodia na alipewa nishani ya dhahabu ya Uingereza mwaka 2020. Lakini panya wale wanazalishwa ndani ya kituo, wanaangaliwa na waganga wa wanyama, na wanashikwa na watu waliofundishwa. Hiyo si sawa na panya aliyetolewa shimoni jana na kuwekwa chini ya kitanda cha mtoto.

Basi, amri ya kwanza: mnyama wa pori, awe panya, awe kindi, hapana kumulea nyumbani. Mnyama uliyemukuta amekufa au mgonjwa porini, hapana kumuokota, hata kama mwili wake ungali na joto. Nyama ya pori ikiingia jikoni, wanaoichuna wasiwe na vidonda mikononi, watoto wakae mbali, na iive mpaka ndani kabisa.

2. KOBAYI NI MNYAMA GANI?

Kobayi si panya, ingawa yeye pia ni wa jamaa ya wanyama wenye meno ya kutafuna. Upande wa Bukavu wanamwita dende. Tanzania ni simbilisi. Alitoka milima ya Amerika ya Kusini, Peru na Bolivia, ambako watu wamemufuga kwa chakula tangu maelfu ya miaka. Hapandi ukuta, hachimbi shimo, hali nguo, mara chache sana anauma. Chakula chake ni majani. Hagombani na mtoto juu ya mahindi wala karanga.

Katika Kivu Kusini, vita vilipopita na ng'ombe na mbuzi wakaporwa, familia nyingi zilibaki na kobayi. Ni mdogo, anafichika, halii kwa sauti ya kusikika mbali, na anazaa upesi. Wamama wa Kabambare, ambao nao wamejua kukimbia na kurudi, wataelewa faida ya mnyama wa namna hiyo. Tena kobayi ni mali ambayo mama mwenyewe anaweza kuwa nayo. Kuuza mbuzi kunaomba shauri la ukoo mzima. Kuuza kobayi wawili ili kulipa dawa ya mtoto, mama anaamua mwenyewe.

3. FASI YA KULALA

Kosa kubwa ni kuwaacha kobayi wazunguke jikoni, chini ya kitanda na kati ya masufuria. Mavi yao yanaingia katika chakula, mtoto anayetambaa anayashika na kuyatia kinywani, kisha anaharisha. Kwa njia hiyo mnyama uliyemufuga ili mtoto aongeze kilo atamupunguzia kilo.

Tengeneza sanduku au banda dogo, nje ya nyumba ya kulala, chini ya kivuli cha paa. Kwa dume moja na majike watano inatosha fasi ya metre moja kwa metre moja, yenye kuta za nusu metre. Mianzi, mbao za zamani au matofali ya udongo, vyote vinafaa. Weka majani makavu chini, na uyabadilishe kila juma. Mavi na majani machafu tupa kwenye shamba la lengalenga na mboga zingine: ni mbolea nzuri.

Angalia mambo manne:
— Jua: joto kali linaua kobayi upesi. Banda lisipigwe na jua la mchana.
— Maji na upepo: banda lenye unyevu linaleta kikohozi na kifo cha watoto wao.
— Adui: paka, mbwa, nyoka, na panya wenyewe wanakula watoto wa kobayi. Funika banda usiku.
— Siafu: hawa wanaweza kumaliza banda zima kwa usiku mmoja. Inua banda juu ya miguu minne, na kila mguu uweke ndani ya kopo lenye maji au majivu.

4. CHAKULA

Asubuhi na jioni mupe majani: majani ya viazi vitamu (matembele), majani ya mahindi, majani ya ndizi, matete laini, majani ya kando ya shamba, maganda ya ndizi. Usimupe majani yenye umande au mvua. Yaanike kwanza kidogo kivulini, sababu majani yenye maji yanamuvimbisha tumbo. Majani mabichi ya muhogo yana sumu, usimupe. Sisi wenyewe tunayatwanga na kuyapika sana mbele ya kuyala.

Jambo la kushangaza: kobayi ni sawa na mtu kwa jambo moja. Mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C. Mbuzi anaweza, kuku anaweza. Kobayi na mtu hawawezi. Akilishwa mahindi makavu na pumba tu, anavimba viungo, manyoya yanasimama, anaacha kula na kufa. Kwa hiyo majani mabichi kila siku, hata wakati wa kiangazi. Na wewe mama, ukikata majani ya kobayi, ukumbuke kwamba mtoto naye anahitaji papai, embe na chungwa kwa sababu ile ile.

Weka maji safi katika chombo kizito kisichopinduka. Weka pia kijiti cha kutafuna, sababu meno yake yanaota siku zote na lazima yapunguzwe.

5. KUZALISHA

Mimba ya kobayi inachukua siku 59 mpaka 72, yaani miezi miwili na kidogo. Anazaa watoto wawili, watatu au wanne. Wanazaliwa na manyoya, macho wazi na meno. Baada ya siku chache wanaanza kuonja majani. Wananyonya majuma matatu hivi. Baada ya kuzaa, jike anaweza kushika mimba tena siku ile ile.

Fanya hivi:
— Dume moja kwa majike watano. Madume wawili katika banda moja watapigana.
— Watoto wakifika majuma matatu, tenga madume wadogo. Ukichelewa watapanda mama yao na dada zao.
— Jike azae mara ya kwanza akiwa amekomaa, tangu miezi mitatu au minne. Usingoje kupita miezi saba, sababu mifupa ya nyonga inafunga na atakufa kwa kuzaa.
— Jike mwenye mimba usimuinue ovyo. Mushike kwa mikono miwili, mmoja chini ya tumbo.
— Kila mwaka badilisha dume na mama wa kijiji kingine. Baba akikaa na binti zake, watoto wanakuwa wadogo na dhaifu. Wataalamu walipochunguza ufugaji huko Kivu Kusini, hilo ni moja ya mambo waliyoyahofia.

Sasa tufanye hesabu ya pole, si ya kujisifu. Majike watano, kila mmoja akizaa mara nne kwa mwaka, ni mazao 20. Tuseme katika kila zao wanapona watoto wawili tu. Hiyo ni kobayi 40 kwa mwaka. Ukiisha kuweka wachache wa kuzaa, unapata karibu kobayi watatu kila mwezi kwa chungu au kwa soko. Si utajiri, lakini ni nyama ambayo haikuwako.

Wamama wasio na feza ya kuanza wanaweza kufanya likelemba ya kobayi. Mama mmoja anapewa majike wawili na dume. Wakizaa na watoto wakikua, anarudisha idadi ile ile kwa mama anayefuata.

6. USAFI NA UGONJWA

Mikono inawe kwa sabuni kila mara baada ya kulisha au kusafisha. Sabuni ikikosa, tumia majivu na maji mengi. Mtoto mwenye chini ya miaka mitano asiachwe peke yake na wanyama. Kobayi mpya akae peke yake majuma mawili kabla ya kuingia na wengine. Mgonjwa atengwe, aliyekufa kwa ugonjwa afukiwe, asiliwe.

Usimupe kobayi dawa za watu. Ampisilini, amoksisilini na penisilini zinaua vijidudu vizuri vya tumbo lake, naye anakufa baada ya siku chache. Na vidonge ulivyopewa kwa mtoto, vimalizwe na mtoto.

Mtu akiumwa na mnyama yeyote, osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, kisha njoo kituo cha afya.

7. KUPIKA

Kila familia inafuata desturi ya dini yake kwa kuchinja. Mnyama akiisha kuchinjwa, mwagia maji ya moto, ondoa manyoya, toa matumbo, osha. Pika mpaka nyama iachane na mfupa. Kwa mtoto wa miezi sita na zaidi, toa mifupa yote, twanga nyama iwe laini kabisa, changanya na uji au na bukari laini yenye mafuta ya mawese kidogo. Vijiko viwili vya nyama kwa mtoto kwanza, kisha ndipo wakubwa wagawane. Desturi ya kumupa baba nyama na mtoto mchuzi inapashwa kubadilika. Baba ameisha kukua. Mtoto angali anajengwa.

MASEMO YA MAMA NA MUGANGA

Mama: Muganga, mutoto wangu wa kiume iko na panya mu kitunga. Anaipenda sana. Nikiitupa atalia.

Muganga: Atalia siku mbili, mama. Umupe kobayi mahali pa panya, amukatie majani kila asubuhi. Hata sahau?

Mama: Atasahau. Lakini nitaua ile panya namna gani?

Muganga: Hapana kumushika na mikono mitupu, na hapana kumupa mutoto kazi ile. Mutu mukubwa abebe kitunga mbali na nyumba. Kisha muoshe fasi ile na sabuni, na ule mutoto aoge.

Mama: Na kama mutoto anapata homa?

Muganga: Akipata homa, tezi za shingo zikavimba, na vipele vyenye maji vikatoka ku uso, ku viganja na ku nyayo, hapana kumuficha, hapana kungoja. Mulete kwetu siku ile ile. Alale peke yake, nguo zake zioshwe mbali na za wengine. Na utuambie juu ya panya. Hatutakugombeza.

Mama: Banasema kobayi ni chakula cha bamaskini.

Muganga: Bwaki ndiyo chakula cha nani, mama?

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Panya, kindi na wanyama wengine wa pori: hapana kuwalea nyumbani.
2. Kobayi anafaa, lakini katika banda lake, si jikoni wala chini ya kitanda.
3. Majani mabichi kila siku. Majani yenye umande na ya muhogo, hapana.
4. Dume moja, majike watano; tenga madume wadogo kwa majuma matatu; badilisha dume kila mwaka.
5. Sabuni baada ya kugusa mnyama.
6. Nyama ya kwanza ni ya mtoto mudogo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

— Katika lupangu letu, watoto wanacheza na wanyama gani?
— Banda la kobayi litawekwa fasi gani, mbali na chungu na karibu na macho?
— Ni nani kijijini anayeweza kubadilishana dume nasi?
— Jana tulipokula nyama, mtoto wetu mudogo alipata vijiko vingapi?

Swali la mwisho liulizeni mbele ya baba za watoto. Na siku ya kilo mukirudi, leteni jibu pamoja na karti.